Mnyoo naye ana masaa yake

Shangazi yangu yuko Ukerewe na kwenye grupu la familia huwa haandiki, yeye ni mtu wa voisi noti ndefu zenye jogoo nyuma. Sasa majuzi kaandika kabisa: "We baba uliyesoma mambo ya minyoo hebu tuambie, maji ya ziwa nikiyachota leo nikayaacha kwenye pipa mpaka kesho kutwa, kichocho si kinakuwa kimekufa? Jirani ananibishia hapa." Basi grupu likawaka. Mjomba akasema kichocho hakifi mpaka uchemshe, binamu akaleta picha sijui kaitoa wapi ya mdudu mwenye meno ya papa, dada akauliza kama limao linasaidia, mwingine akauliza kama hiyo shughuli ya Jumamosi bado ipo.

Mi nikajibu kifupi tu, shikamoo shangazi, uko sahihi, maji yakilala siku mbili kwenye chombo kisicho na konokono hao wadudu wanakuwa wameisha. Ila sababu yenyewe ni tamu kuliko jibu na huwezi kuieleza kwenye grupu ambalo watu wanatumiana michango ya harusi, kwa iyo nakuja kuimwaga hapa.

Kwanza tuelewane, sio minyoo wote wanatafuta mtu. Ile minyoo mikubwa ya tumboni inayotoka kwa watoto, ascaris, haitafuti chochote, mayai yake yanakaa tu kwenye udongo yakisubiri mchicha usiooshwa au kidole cha mtoto, na yanaweza kukaa muda mrefu sana. Wanaotafuta ni wale wanaopita kwenye ngozi. Kuna kichocho ambacho kinakungoja majini, kuna safura inayokungoja kwenye udongo, na kuna mmoja anaitwa Strongyloides stercoralis, wengi hawamjui kwa sababu vipimo vya kawaida vya choo vinamkosa mara kwa mara, ila yupo, tena kwa wingi. Hawa watatu ni ukoo tofauti (kichocho hata hakifanani na hao wengine, kile ni mnyoo bapa) lakini wanashea kitu kimoja ambacho ndo kiini cha haya yote: katika ile hatua ya kutafuta mtu, hawali.

Yaani hawali kabisa. Chukua safura. Yai linatoka na kinyesi, likikuta udongo wa joto, unyevu na kivuli linaanguliwa ndani ya siku moja au mbili. Lava, yaani mnyoo mchanga anayetoka kwenye yai, anakula bakteria humo humo kwenye kinyesi na udongo, ananenepa, anajivua ngozi mara mbili, na baada ya siku tano mpaka kumi hivi anakuwa lava wa hatua ya tatu, ndo wa kuambukiza. Huyu ile ngozi ya zamani ya mara ya pili haivui kabisa, anabaki ameivaa juu ya ngozi mpya, inamkinga na kukauka lakini pia imemfunga mdomo. Kuanzia hapo anaishi kwa mafuta aliyoyaweka mwilini utotoni. Kichocho vilevile, yule mdudu anayetoka kwenye konokono, sekaria, amebeba akiba ya glaikojeni (sukari ya kuweka) aliyoipata ndani ya konokono na hana namna ya kuongeza. Ni simu iliyojaa chaji, iko safari, na chaja imebaki nyumbani. Ukiwasha data, tochi na bluetooth vyote kwa pamoja utaona mambo mengi ila utazima mapema.

Na joto ndo linaloamua hiyo data inawashwa kiasi gani. Mnyoo hana joto lake mwenyewe, mwili wake unafuata joto la maji au udongo aliomo. Kukipata joto anachangamka, anazunguka, anajinyanyua, anatafuta kwa bidii, na akiba inaliwa haraka. Kukipoa anazubaa, anajinyoosha pale alipo, hasumbui mtu sana, ila akiba yake inakaa. Kwa iyo umri wa mnyoo huwezi kuuhesabu kwa saa ya ukutani peke yake. Sekaria wa masaa kumi kwenye maji ya baridi na sekaria wa masaa kumi kwenye maji ya vuguvugu wamezaliwa pamoja lakini mmoja ni kijana na mwingine ni mzee tayari.

Hii niliiona kwa macho wakati nafanya field Mwanza nikiwa chuo. Kazi yetu kubwa ilikuwa konokono. Unavaa gambuti na glavu ndefu, unapita kando ya ziwa na kichujio chenye mpini, unawakusanya wale konokono bapa wa Biomphalaria wanaopenda kushika kwenye majani na magugu, unarudi nao maabara. Pale unaweka kila mmoja kwenye kachupa kake kenye maji safi kidogo, unapanga vichupa dirishani vipate mwanga, unaenda kunywa chai. Ukirudi baada ya muda unainua kachupa mbele ya kitambaa cheusi, na kama konokono yule ameambukizwa utaona vidoti vyeupe vinaning'inia ndani ya maji, vidogo sana, nusu milimita, karibu usivione. Kimoja kinakaa kimya kinazama taratibu, ghafla kinatikisika kinapanda juu mkia ukiwa mbele, kinaacha tena, kinazama. Panda, zama, panda, zama. Ukiweka tone chini ya hadubini unaona mkia umegawanyika nchani kama herufi Y na kichwa kinajikunja na kujinyoosha. Konokono mmoja anaweza kutoa mamia kwa mamia kwa siku, na hiyo ni kila siku, wiki kwa wiki.

Kilichonishika akili ni asubuhi ya pili. Tuliacha vichupa kadhaa mezani makusudi (maji hayo baadae tunayamwaga kwenye dawa, tulieni). Vidoti vilevile, maji yaleyale, lakini wengi wako chini kabisa. Wengine wametengana na mkia, mkia uko kivyake mwili kivyake. Wachache bado wanatikisika lakini ile panda zama imekuwa ya kivivu, anapanda nusu anachoka. Ukiona hivyo swali la shangazi linajijibu lenyewe.

Wataalamu waliopima hii kwa utulivu walikuta vitu viwili ambavyo mimi naona ndo utamu wenyewe. Cha kwanza, sekaria hawafi polepole mmoja mmoja kwa kasi ileile toka mwanzo. Masaa ya mwanzo karibu wote wako hai, halafu akiba ikikaribia kuisha wanaanguka kwa mkupuo. Cha pili, uwezo wa kuambukiza unaisha kabla ya uhai. Yaani kuna kipindi mdudu anaogelea vizuri tu, ukimwangalia utasema huyu mzima, lakini ukimpa ngozi hana nguvu ya kuitoboa. Maana kutoboa ngozi ni kazi, anatakiwa ajishike, amwage vimeng'enya vya kulainisha ngozi, ajisukume, aache mkia, yote hayo ndani ya dakika chache, na bado abakiwe na kitu cha kuanzia maisha mapya ndani. Masaa yale ya mwanzo baada ya kutoka kwenye konokono ndo hatari yenyewe. Baada ya siku moja nguvu imeshuka sana, na ikifika siku mbili maji yaliyotuama bila konokono yanahesabiwa kuwa salama kwa kuoga. Wageni wanaokuja huku huwa wanaambiwa siku moja mpaka mbili. Mimi nasema mbili, kwa sababu ya joto: pipa la simenti lililoko kivulini wakati wa kipupwe linakaa la baridi, na baridi inamwongezea mdudu masaa. Kama huna muda wa kusubiri, chemsha, hapo mjomba hakukosea. Limao, hapana.

Ila kuna mitego na shangazi naomba usome hapa. Ukichota maji na konokono mdogo akaingia kwenye pipa, umeweka kiwanda ndani, kila siku kutakapokucha anatoa wapya, hata ukisubiri mwezi. Chuja kwa kitambaa wakati wa kumimina. Na la pili, kuchota kwenyewe. Kama umeingia ziwani mpaka magotini saa saba mchana kujaza ndoo, umeshakutana nao wakiwa na dakika tano za umri, kulaza maji baadae kunamsaidia tu atakayeogea.

Saa saba mchana nimeitaja makusudi. Sekaria wa kichocho chetu hawatoki konokono saa yoyote, mwanga na joto la mchana ndo vinawatoa, wanaanza kuongezeka asubuhi jua likipanda na wengi wanakuwa majini kuanzia saa tano hivi mpaka saa nane saa tisa. Sasa niambie muda huo nani yuko ufukweni? Akina mama wanafua, watoto wametoka shule wanaogelea, mvuvi anaosha nyavu. Mdudu ambaye ana masaa machache tu ya ujana wake hawezi kupoteza hayo masaa usiku wakati wenye ngozi wamelala. Hakuna aliyemfundisha, ni kwamba waliotoka usiku hawakuacha watoto.

Na hana macho, hakufuati kutoka mbali. Anategemea vitu vidogo vidogo: maji kutikisika, kivuli kupita juu yake, halafu akikaribia anahisi joto la ngozi na kemikali zinazotoka kwenye ngozi, mojawapo ni arijinini, tindikali amino. Akishagusa, mafuta ya ngozi yenyewe, zile tindikali za mafuta, ndo yanamwambia toboa sasa. Joto la ngozi kwake ni kama kitasa cha mlango, maji ya ziwa yana nyuzi ishirini na kitu, wewe ngozi yako ina thelathini na kitu, hiyo tofauti anaisoma.

Kuna na ndugu yake mwingine kwenye mzunguko huohuo, mirasidia, yule anayetoka kwenye yai lililoingia majini na mkojo au kinyesi na yeye anatafuta konokono, sio mtu. Huyo maisha yake ni ya masaa tu, siku haikamiliki, na masaa ya kwanza machache ndo ana nguvu kweli. Kwa Unguja na Pemba ambako kichocho ni cha mkojo na konokono ni Bulinus mambo ni yaleyale, ila huko wamekipiga vita kwa nguvu sana, kuanzia 2011 kulikuwa na mradi mkubwa wa kujaribu kukata maambukizi kabisa, dawa, dawa ya konokono na elimu kwa watoto, na maambukizi yakashuka mpaka chini sana ingawa kuna madimbwi sugu yamebaki. Huku ziwani hatujafika huko, na siwezi kujifanya tumefika.

Haya tutoke majini twende shambani, maana safura ndo ana vituko zaidi.

Lava wa safura hasafiri mbali, sentimita chache tu kwa upande, ila kwenda juu anaweza. Udongo ukiwa na unyevu na sio wa moto sana anapanda juu ya punje ya mchanga au jani la nyasi, anasimama kwa mkia na kupepea mwili hewani. Au anakaa tuli amejinyoosha anasubiri, mguu ukikanyaga jirani mtikisiko na joto vinamwamsha. Jua likichoma udongo ukakauka anarudi chini kwenye unyevu. Akipanda anatumia akiba, akishuka anatumia akiba. Katika mazingira mazuri anaweza kufika wiki tatu mpaka nne, lakini huyo wa wiki ya nne sio yule wa siku ya kwanza, mafuta yamemwisha, ukimgusa anajikunja kivivu na ukimweka kwenye ngozi mara nyingi hapiti.

Kwamba wanapita kwenye ngozi tulijua kwa ajali. Mwishoni mwa miaka ya 1890 huko Cairo kulikuwa na Mjerumani mmoja anaitwa Arthur Looss, alikuwa anawapa wanyama wa maabara maji yenye lava kwa mdomo, tone likamwagikia mkononi mwake. Pakawasha, pakawa pekundu. Akaangalia lile tone akakuta maganda matupu, lava wenyewe hawapo. Wiki kadhaa baadae akajipima choo akakuta mayai. Watu walimbishia sana kabla hawajakubali. Mi huwa nawaza tu, wale lava wangekuwa wazee wa kwenye sahani iliyosahaulika mezani, pengine pasingewasha na angefuta mkono akaendelea na kazi.

Na joto, sasa. Safura ni ugonjwa wa nchi za joto, Ulaya baridi inaua lava nje. Lakini mwaka 1880 wafanyakazi waliokuwa wanachimba handaki la reli la Gotthard kule Uswisi, katikati ya milima yenye theluji, walianza kuanguka kwa upungufu wa damu, wengine wakafa. Daktari Edoardo Perroncito wa Turin akawa mmoja wa waliochunguza, wakakuta safura. Handaki lilikuwa la kina, moto, lenye maji, mamia ya watu wanajisaidia humo humo bila choo. Juu theluji, chini tropiki. Miaka ishirini baadae yakawa yaleyale Cornwall, Uingereza, kwenye mgodi wa Dolcoath, watafiti wawili, Boycott na Haldane, wakaeleza. Mgodi ukishuka chini joto linapanda na lava wanastawi humo mwaka mzima, hakuna kipupwe. Aliyeenea huko Ulaya alikuwa Ancylostoma duodenale ambaye anastahimili ubaridi kidogo kuliko Necator americanus, huyu wa pili ndo mwenye enzi sehemu kubwa ya Afrika yetu kusini mwa Sahara. Kwa iyo hata ndani ya safura kuna wa baridi na wa joto.

Hapa ndo naingia kwenye kazi ninayoipenda kuliko zote za miaka ya karibuni, ya maabara ya Elissa Hallem kule UCLA, Marekani. Mwaka 2018 walitoa utafiti, wakachukua lava wa Strongyloides stercoralis na wa safura aina ya Ancylostoma ceylanicum, wakawaweka kwenye sahani ambayo upande mmoja ni wa moto zaidi kuliko mwingine, joto linapanda taratibu. Lava wakatambaa kufuata joto mpaka wanakaribia joto la mwili wa mamalia. Sawa, hiyo mtu angeitegemea. Lakini kumbe mdudu huyohuyo anaweza pia kufanya kinyume, kukimbia joto aende kwenye ubaridi, na ile nukta ya kugeuka, hapa nifuate, hapa nikimbie, haijaandikwa mwilini moja kwa moja. Inategemea ametoka kuishi kwenye joto gani. Ukimhamishia kwenye joto jingine anajirekebisha ndani ya masaa tu.

Fikiria hiyo shambani. Alfajiri udongo umepoa, adhuhuri umeiva, jioni unapoa tena. Kama mdudu angekuwa na namba moja tu kichwani, mchana angedhani kila kokoto ni mguu wa mtu. Wenyewe wale watafiti walisema huko kujirekebisha huenda kunamsaidia kutafuta mtu kadiri joto linavyobadilika usiku na mchana. Yaani anachotafuta sio joto tu, ni joto ambalo halifanani na alilolizoea leo. Na walipomwekea harufu nzuri ya binadamu upande mmoja na joto upande mwingine, joto likiwa na nguvu alifuata joto akaiacha harufu. Halafu wakaharibu jeni moja inaitwa tax-4, kutafuta joto kukaisha. Jeni hiyo ipo hata kwa minyoo wa kawaida wa udongo wasiomdhuru mtu. Kwa iyo kichocheo cha kumwinda binadamu sio kifaa kipya, ni kile kile cha babu zake cha kujua wapi pa joto wapi pa baridi, kikageuzwa matumizi.

Miaka miwili kabla ya hapo, 2016, maabara hiyohiyo ilionyesha kitu cha ajabu kuhusu harufu. Hii ilikuwa hasa kwa minyoo wanaoua wadudu, wale wakulima wa kisasa wanawanunua kwenye paketi kuua viwavi wa udongoni badala ya dawa. Lava aliyekaa kwenye ubaridi na lava aliyekaa kwenye joto, ukoo mmoja, ukiwapa harufu ileile mmoja anaifuata mwingine anaikimbia. Na ukiwabadilishia joto na wao wanabadilika, ila sio kwa masaa, ni kwa siku mpaka wiki. Walijaribu na Strongyloides wa panya wakaona mwelekeo kama huo. Maana yake ukisema "minyoo inavutwa na harufu fulani" bila kusema wametunzwa nyuzi ngapi na wana umri gani, hujasema kitu. Nadhani ndo maana mikutano ya minyoo watu wanabishana sana, huyu kafanya kwenye chumba chenye AC yule kafanya kwenye chumba chenye feni.

Umri nao una sura mbili na watu huwa wanazichanganya. Kuna umri wa hatua na umri wa uchovu. Wa hatua: lava mdogo wa Strongyloides wa panya, ambaye bado anakula, anavutwa na harufu ya kinyesi, si ndo chakula kilipo. Akifika hatua ya kuambukiza ule mvuto unaisha, na akili yake ina mantiki, kwenye kinyesi hatapata mwenyeji mpya (mwili mwingine wa kuingia), kila mtu anapakwepa. Wa uchovu ndo ule wa chaji. Kwa iyo anapevuka, anakuwa na kipindi cha ukali, halafu anazeeka, na joto linasukuma vyote viwili, linamfikisha haraka kwenye ukali na linamtoa haraka. Ndo maana nikisikia mtu anasema dunia ikipata joto minyoo itaongezeka tu basi, nasita. Sehemu zenye joto tayari inaweza ikawa inawamaliza, hata konokono wa kichocho joto likizidi wanakufa au hawazai vizuri. Ila sehemu za baridi, hapo sawa. Uganda magharibi kichocho kimekutwa kwenye maziwa ya kreta yaliyoko juu ya mita 1,400, mahali ambapo zamani vitabu vilisema ni baridi mno hakifiki.

Kuna kifaa cha maabara kinachotumia tabia hii yote na kina zaidi ya miaka mia moja, kinaitwa Baermann, jina la daktari aliyekibuni mwaka 1917. Faneli, mpira umefungwa chini kwa kibanio, maji ya uvuguvugu ndani, juu unaweka choo cha mgonjwa au udongo kwenye shashi ukigusa maji. Lava wanahisi uvuguvugu wanatoka kwenye shashi kuufuata, wakiingia majini hawawezi kuogelea kupanda, wanazama mpaka kwenye kibanio. Baada ya masaa unafungua tone chache chini na unawakuta wote wamekusanyika. Ni rahisi na haihitaji mashine. Ila kinafanya kazi kwa lava walio hai na wachangamfu tu.

Na hapa nawasema jamaa zangu. Nimewahi kukaa kwenye kituo kimoja, sikitaji, sampuli za Strongyloides zinawekwa kwenye friji zikisubiri fundi arudi, kesho yake zinapimwa, majibu yanatoka "hakuna minyoo". Baridi ya friji inawaua wale lava au kuwalegeza kabisa, unategemea nani atambae? Mgonjwa anarudishwa nyumbani na mnyoo ambaye tofauti na wengine anaweza kujizalisha humo humo mwilini miaka na miaka, na siku akipewa dawa za steroidi kwa pumu au kitu kingine anaweza kulipuka mwili mzima na kuua. Dozi moja ya albendazole wanayopewa watoto shuleni haimtoshi, anahitaji ivermectin, na hiyo huandikiwi kama kipimo kimesema huna. Kwa iyo ukiambiwa ulete choo kwa ajili ya kipimo hiki, peleka asubuhi hiyohiyo kikiwa kibichi, kisipitie kwenye friji, na muulize anayepokea kitapimwa saa ngapi. Akikwambia kesho, omba ukilete kesho.